Barua kwa mwanangu: Yai lililotafutiwa yaya

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama ni kweli alivyokuambia shangazi yako, kwamba nilipokuwa chuoni nilitafuta yaya wa kulea yai la plastiki. Na kama ni kweli, tulipatwa na nini, watu wazima na akili zetu. La kwanza ni kweli tupu. La pili linataka maelezo.

Kitu chenyewe kinaitwa Tamagotchi. Kampuni ya Bandai ilikitoa Japani mwezi Novemba 1996, na kabla mwaka 1997 haujaisha kilikuwa kimeenea duniani na kuingia bwenini kwetu, kikining'inia kiunoni mwa wanafunzi wa sheria. Ni kijiyai cha kuenea kiganjani, kina kioo cha kijivu na vitufe vitatu. Ukikiwasha, yai lililo kwenye kioo linatikisika kama dakika tano, linaanguliwa, na kinatoka kidude cheusi chenye macho. Basi, umeshakuwa mzazi. Kikilia njaa unakilisha mpaka mioyo minne ijae. Kikijisaidia unasafisha. Kikiugua unakichoma sindano, na kikisinzia unakizimia taa. Siku yetu moja kwake ni mwaka mzima, kwa hiyo wiki ikiisha una mtoto wa miaka saba aliyeharibika tabia, na jirani ana wa kwake mwenye adabu zake, tena anakuja kukuonyesha makusudi.

Kulikuwa na mchezo mmoja tu wa kukichangamsha: kubahatisha kama kitageukia kushoto au kulia, mara tano. Nimeshuhudia wanaume wenye ndevu wakitukanana kwa sababu ya kushoto na kulia.

Kilichotutia wazimu ni kwamba hakikuwa na swichi ya kuzimia. Karata ukichoka unaziweka, zitakungoja. Hiki ukikitelekeza kutwa, unarudi unakuta kimekufa. Sasa fikiria siku ya mtihani: muda wa saa tatu umo ukumbini, na msimamizi hataki kusikia hata kalamu ikianguka. Mwenzetu mmoja ambaye hakuwa na mtihani siku hiyo akajitolea. Alikaa kwenye ngazi nje ya ukumbi, mayai yamepangwa mbele yake, kila moja limebandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, na pembeni karatasi ya maagizo. "Huyu asipewe vitafunwa, amenenepa." "Huyu akilia bila sababu, mkaripie." Usicheke, kukaripia kulikuwa sehemu ya malezi kabisa, kuna alama yake kwenye kioo. Hakutaka hela. Alilipwa kwa kuazimwa madaftari yetu, na nina hakika aliyasoma kuliko sisi wenyewe. Halafu shangazi yako hakukuambia kwamba mayai mawili kati ya yale yalikuwa yake.

Baadaye mmoja akagundua kwamba ukikiacha kwenye sehemu ya kurekebisha saa, maisha yake yanasimama: hakili, hakiugui, hakifi. Tulibishana usiku kucha kama hayo ni malezi au ni ulaghai. Mimi nilisema ulaghai, na mpaka leo sijabadilisha msimamo.

Upuuzi? Ulikuwa upuuzi, tena wenye tuzo. Mwaka huohuo wa 1997 wabunifu wake, Akihiro Yokoi na Aki Maita, walipewa Ig Nobel ya uchumi, ile tuzo ya utani, kwa kuyahamisha mamilioni ya saa za kazi za watu kwenye ufugaji wa wanyama wasiokuwepo. Saa zangu zimo humo.

Ila ukiniuliza kwa nini, sidhani kama ni kile kidude chenyewe, maana hata sura hakikuwa nayo. Tulikuwa tumetoka makwetu kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyetutegemea kwa lolote; ukila usile, ulale usilale, shauri yako. Halafu ghafla kuna kitu kinalia, na kinakulilia wewe. Hata simu yako hiyo inayokuamsha usiku inatumia ujanja huohuo, sema yenyewe haifi ukiinyamazia, jambo ambalo mimi naliona ni hasara. Na zaidi, yai lilikupa sababu ya kugonga mlango wa mtu usiyemjua: "Samahani, una betri?" Marafiki zangu wengi unaowaita baba mdogo na mama mdogo niliwapata hivyo.

Hakuna aliyetangaza kwamba yameisha. Vibetri viliisha, watu wakanunua vingine, vikaisha tena, hawakununua. Mwaka uliofuata mmoja wetu alikuja na simu ya Nokia yenye mchezo wa nyoka, na foleni yote ikahamia mlangoni kwake.

Baba yako