"High" katika highway ni cheo cha barabara

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini Waingereza huita barabara kuu highway, "njia ya juu", ilhali nyingi zimelala chini kama barabara nyingine zote. High hapo ni cheo. Kiswahili kimelielewa hivyo siku zote: High Court tunaiita Mahakama Kuu, high seas ni bahari kuu, na high priest wa Biblia ni kuhani mkuu. Aliyetupa "barabara kuu" alifasiri kwa usahihi kabisa.

Neno lenyewe ni kongwe. Linapatikana katika hati za ardhi za Kiingereza cha Kale, kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia Uingereza mwaka 1066, likiandikwa heiweg. Hati hizo hueleza mipaka ya mashamba, na njia kuu ilifaa kuwa alama ya mpaka kwa kuwa kila mtu aliijua.

Wengi hushikilia maelezo mengine: kwamba highway ni barabara ya Warumi iliyoinuliwa juu ya tuta. Tuta hilo lilikuwepo kweli, nalo liliitwa agger. Warumi walichimba mitaro pande mbili, udongo wakautupa katikati, kisha wakatandaza mawe na changarawe juu yake ili maji ya mvua yateremke kando. Bila hivyo maji hutuama, udongo hulainika na magurudumu hukata mifereji. Ackling Dyke, barabara ya Warumi kule Dorset, kusini mwa Uingereza, bado inaonyesha tuta hilo waziwazi. Lakini nadharia hii ina kasoro kubwa. Barabara za Warumi ndizo hasa Waingereza wa kale walizozoea kuziita street, kutoka Kilatini via strata, njia iliyosakafiwa: ndiyo maana tuna Watling Street na Ermine Street. Kama tuta ndilo lililozaa neno highway, lingebandikwa kwanza kwenye barabara hizo.

Cheo cha barabara kilikuwa na maana sheriani, na hapa ndipo penye utamu wa swali lenu. Njia kuu ilikuwa ya mfalme. Sheria zilizokusanywa enzi za Mfalme Henry I (1100–1135) zinaeleza upana wake: magari mawili ya kukokotwa yaweze kupishana, waswagaji waweze kugusanisha fimbo zao zikiwa zimenyooshwa, na wapanda farasi 16 wenye silaha waende sambamba. Mwaka 1285 Sheria ya Winchester ikaamuru njia kuu za kutoka mji mmoja wa soko hadi mwingine zifyekwe vichaka na kufukiwa mashimo futi 200 kila upande, yaani karibu mita 60, ili wanyang'anyi wasipate pa kujificha. Miti mikubwa iliachwa. Bwana wa ardhi aliyekataa kufyeka aliwajibika kwa wizi uliotokea hapo. Matengenezo yakaja kuwekewa utaratibu mwaka 1555, kila parokia ikitakiwa kutoa watu wa kufanya kazi siku 4 kwa mwaka, bila malipo. Kazi ya kulazimishwa hufanywa kwa ulegevu, na barabara zilibaki mbovu. Kuanzia 1663 yakaanza kuwekwa mageti ya ushuru, yaliyoitwa turnpike.

Katika sheria ya England na Wales, highway hadi leo ni njia yoyote ambayo umma una haki ya kupita na kurudi. Kichochoro cha waenda kwa miguu kinachokatiza shamba kinaweza kuwa highway sawasawa na barabara ya lami. Sheria ya mwaka 1980 inasema njia ikitumiwa na umma miaka 20 mfululizo, bila nguvu, bila kificho na bila ruhusa, huchukuliwa kuwa mwenye ardhi ameitoa kwa umma, isipokuwa athibitishe kwamba hakukusudia. Kwa hiyo mwenye ardhi makini huweka kibao cha kukanusha nia hiyo, au hufunga njia siku moja kila mwaka. Akinyamaza, amechelewa: njia ikishakuwa highway haifi kwa kuota nyasi, mpaka itolewe amri ya kisheria ya kuifunga.

Freeway, neno la Kimarekani la barabara kuu ya mwendo kasi, nalo hueleweka vibaya. Watu hudhani ni barabara isiyo na ushuru. Aliyelieneza neno hilo ni Edward Bassett, mwanasheria wa New York, mwaka 1930, naye alilinganisha haki za wenye viwanja. Kando ya highway ya kawaida, mwenye kiwanja ana haki ya kufungua mlango wake barabarani. Kando ya freeway hana. Magari huingia na kutoka sehemu maalumu tu. "Free" ni huru dhidi ya viingilio hivyo, na freeway inaweza kabisa kutoza ushuru.

Kwa wafasiri, basi: panapozungumziwa safari, "barabara kuu" inatosha. Katika maandishi ya kisheria ya Uingereza andikeni "njia ya umma". Na Highway Code, kijitabu cha Uingereza kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1931, ni Kanuni za Barabarani. Ina masharti kwa waenda kwa miguu, wapanda farasi na waendesha baiskeli, hata kwenye vijia ambavyo hakuna gari linaloweza kupita.