Jibu: Saa mbili tu Chicago, nianzie wapi Art Institute?

Ndugu, kwa saa mbili usijaribu kulimaliza jumba lote la makumbusho ya sanaa, utatoka na maumivu ya miguu tu. Nenda moja kwa moja Modern Wing, sehemu ya sanaa ya kisasa, jengo la msanifu Renzo Piano lililofunguliwa 2009. Ulizia mzee mpiga gitaa wa Picasso, mchoro wa 1903–04. Mwili, nguo, ukuta, vyote buluu. Gitaa peke yake ndilo la kahawia. Sogea karibu uangalie juu ya shingo ya mzee: kuna uso wa mwanamke unachungulia kwa mbali. Picasso enzi hizo hela hana, akachora juu ya picha nyingine.

Halafu kwenye swali lako umesema sanaa hizi za kisasa “hata mtoto anaweza” kuzifanya. Haya, ukikuta lundo la peremende kwenye kona, usicheke kwanza. Ni kazi ya msanii Felix Gonzalez-Torres ya 1991, uzito wake paundi 175 (kama kilo 79), kwa ajili ya mpenzi wake Ross aliyefariki kwa UKIMWI. Wageni huchukua moja moja, lundo linapungua kama mwili wa mgonjwa, kisha linajazwa tena. Mimi yangu niliishia kuiweka mfukoni, sikuweza kuila.

Ila kazi huhamishwa, angalia tovuti yao kabla hujaenda.