Mashua ya baba: kuikarabati au kuiacha?

Barua za wiki hii karibu zote zimehusu vyombo vya mbao vilivyozeeka. Nimechukua nne.

Shikamoo mzee. Marehemu baba ametuachia mashua hapa Pangani. Imelala ufukweni miaka mitatu. Fundi mmoja anasema inafaa, mwingine anasema ni kuni. Tumsikilize yupi?

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Kabla ya kumsikiliza yeyote, shika kisu. Zoa mchanga na maji ya mvua yaliyotuama ndani, maana mvua huozesha mbao kuliko bahari. Ingia ngamani, yaani chini kabisa ndani ya mashua, uchome mkuku (uti wa mgongo wa chombo) pale unapokutana na kila taruma (mbavu za ndani zinazoshika mbao), kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Kisu kikigoma baada ya ncha tu, mti ni mzima. Kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, weka alama ya chaki, uendelee mpaka mwisho.

Kisha toka nje. Ukiona vitundu kama vya sindano usivipuuze: wadudu wa baharini huingia wakiwa wadogo, wakakulia ndani ya ubao na kuutafuna, huku nje ukionekana mzima. Gonga kwa nyundo, usikilize panapobadilika mlio.

Mbao za ubavuni hubadilishwa mojamoja, na mataruma machache yakioza si neno. Mkuku ukioza karibu wote ni habari nyingine, kwani fundi atabomoa kwanza ndipo aunde, nanyi mtalipa kazi zote mbili. Hapo ningewashauri mvue mlingoti, foromali (mti wa kufungia tanga) na usukani, mvipeleke kwenye mashua mpya. Najua inauma. Lakini baba yenu alikuwa mtu wa bahari, na kwangu mimi huko nako ni kumuenzi.

Fundi amenitajia bei ya jumla. Nikubali?

Usikubali bado. Mwombe aichambue: mbao ngapi na za mti gani, mataruma mangapi, misumari kilo ngapi, siku ngapi za kazi. Halafu tenga akiba ya theluthi juu yake, kwa sababu ubao ukishang'olewa ndipo uozo wa jirani yake huonekana. Kama akiba hiyo huna, subiri. Mashua iliyofumuliwa ikaachwa nusu huharibika upesi kuliko ambayo haikuguswa.

Nikiifunika kwa faiba (nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi) juu ya mbao kuukuu, si nitaokoa pesa?

Hapana, ndugu yangu. Mbao hutanuka na kusinyaa, faiba haifuati. Itabanduka, maji yapenye katikati, na uozo uendelee mahali usipouona.

Mashua yangu ni nzima ila jua limefungua nafasi kati ya mbao, ncha ya kidole inapita. Niikalafati leo, yaani nizibe nafasi hizo kwa pamba?

Tafadhali usifanye hivyo. Niliwahi kushuhudia mashua ikishindiliwa pamba ikiwa kavu kabisa. Iliposhushwa majini mbao zilivimba, pamba ikakosa pa kwenda, na mbao mbili zikang'oka na misumari yake. Ifunike magunia, uyamwagie maji ya bahari asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Nafasi zikishajifunga kiasi, ndipo utie pamba iliyolowa sifa (mafuta ya samaki), bila kushindilia. Maliza kabla ya bamvua, siku bahari inapojaa kupita kawaida, ili maji yakijaa yaifikie pale ilipo na kuinyanyua.