Majilio ya Kijana Anayesubiri Matokeo

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, Dominika ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi, ilinikuta nyumbani kwetu Uchaggani nikiwa sina la kufanya isipokuwa kuhesabu siku zilizobaki kabla ya matokeo kutoka. Leo nikiwa mlezi wa wanafunzi wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki Tanzania, nakutana na vijana walio katika hali ileile niliyokuwa nayo. Shule zimefungwa, nyimbo za Krismasi zinapigwa madukani tangu Novemba, lakini kanisani padre amevaa zambarau na wimbo wa Utukufu hauimbwi. Wananiuliza wafuate lipi.

Huwa naanzia kwenye neno lenyewe. Majilio yanatokana na kitenzi kuja, katika umbo la kujilia, yaani kumjia mtu fulani pale alipo. Anayesafiri ni Bwana, na kazi yetu ni kukutwa tayari. Ndiyo maana Kanisa halianzi kipindi hiki na hori la Bethlehemu. Hadi tarehe 16 Desemba masomo yanatuelekeza zaidi kwenye ujio wake wa mwisho, yakirudia agizo la Yesu la kukesha, na ni kuanzia tarehe 17 tu ndipo tunapogeukia kuzaliwa kwake. Vijana wengi hufundishwa sehemu hii ya pili peke yake, hivyo huona Majilio kama ukumbi wa kusubiria sherehe, na huchoka mapema, kwa kuwa sherehe yenyewe wanajua ilivyo: wali, soda na nguo mpya.

Kutovumilia kusubiri si ugonjwa wa kizazi cha simu. Shada la mishumaa minne tunaloliweka karibu na altare limetokana na desturi ya Walutheri wa Ujerumani, na inasimuliwa kwamba mwanateolojia Johann Hinrich Wichern alibuni la kwanza jijini Hamburg mwaka 1839 kwa ajili ya watoto maskini aliokuwa akiwalea, waliokuwa wakimsumbua kila siku kwa kumwuliza Krismasi ni lini.

Mimi nilikuwa mwanakwaya, na nakiri kwamba kwaya ndiyo iliyokaribia kuninyima Majilio. Majuma yote tulikuwa katika mazoezi ya nyimbo za Noeli, tukibishana juu ya kitambaa cha sare na juu ya nani aongoze zaburi ya Mkesha. Jambo hilo la mwisho liliniudhi kiasi kwamba niliacha kusalimiana na mwenzangu aliyepewa nafasi niliyoitaka. Tuliimba sauti moja, tukasimama mstari mmoja, na hatukuwa tunazungumza. Sijui kama kuna mahali ambapo chuki huweza kujificha vizuri kuliko ndani ya kwaya inayoimba vizuri.

Katika juma la pili nilipewa kazi ambayo kwetu huwaangukia vijana kila Desemba, ya kusafisha njia inayotoka barabarani hadi nyumbani kabla ndugu hawajafika kutoka Dar es Salaam. Nilifyeka nyasi, nikaondoa mawe yaliyoteremshwa na mvua, nikapunguza masale ya uzio yaliyokuwa yameinamia njiani. Jumapili hiyo tulikuwa tumesomewa habari za Yohane Mbatizaji, sauti ya mtu aliaye nyikani, “Itengenezeni njia ya Bwana, yanyosheni mapito yake,” nami sikuwa nimeunganisha maneno hayo na jembe nililolishika. Bibi ndiye aliyeyaunganisha. Alikuja akiikagua kazi, akaridhika, kisha akaonyesha kwa fimbo yake kijia kinachoteremka kuvuka mfereji kwenda kwa kina mwenzangu, ambacho kilikuwa kimeota majani kwa sababu sikuwa nikikipita tena.

“Na hiki, mjukuu wangu, utakipalilia lini?”

Sikumjibu. Akakata jani la sale, akanipa, akarudi jikoni. Msomaji asiyetoka kwetu ajue kwamba mtu akikuletea sale anakuomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Nilikaa na jani lile siku mbili, likaanza kukunjamana. Siku ya tatu nilishuka. Mwenzangu alilipokea bila kusema mengi, akaliweka juu ya daftari lake la nyimbo, akaniuliza kama nimeshakariri sehemu ya sauti ya pili.

Kwa hiyo kijana anaponiuliza afanye nini katika Majilio, simpi orodha ya sala. Namwuliza ni kijia gani kimeota majani. Kwa mmoja ni baba ambaye hawaongei tangu ugomvi wa likizo iliyopita. Kwa mwingine ni kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, alichokiahirisha tangu Kipaimara. Kuhusu kitubio nina ushauri mmoja wa vitendo: usingoje tarehe 24, kwa maana foleni ni ndefu na padre amechoka. Simu sikatazi, ingawa anayeweza kuiweka kando saa ya sala ya jumuiya atakuwa ameanza vizuri.

Wasichana na wavulana pia nawaomba wamtazame Mariamu, ambaye Biblia haitaji umri wake, ingawa wengi tunamfikiria kama binti mdogo. Baada ya kumjibu malaika hakukaa akihesabu miezi. Alikwenda kwa haraka hadi nchi ya milimani kwa Elisabeti, mzee mwenye mimba, akakaa naye kama miezi mitatu. Katika kila jumuiya yuko mzee ambaye kuni zake hazijapasuliwa na maji yake hayajatekwa, na likizo ya Desemba ni ndefu.

Usiku wa Mkesha, Utukufu uliporudi na kengele zikapigwa, nilielewa kwa nini ulikuwa umezuiliwa: huanza na maneno ya malaika kwa wachungaji, na ulikuwa umetunzwa kwa saa ile. Mwenzangu aliongoza zaburi, na aliiongoza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza. Hisabati ilikuwa kama nilivyoiogopa.