Sanduku la Barua: Jazi Gani Nianze Nayo?

Mwezi huu barua kutoka Tabora na Kigoma zimegongana: karibu zote zinauliza albamu za jazi na jazi ya Kilatini, yaani jazi iliyochanganywa na midundo ya Cuba na jirani zake. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Ndugu wahariri, nyumbani kwetu tumekulia kwenye santuri za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, nikajua jazi ndiyo hiyo. Juzi nimetafuta jazi ya Marekani kwenye simu, nikakuta watu wanapuliza dakika kumi bila mwimbaji. Nikazima. Ni muziki uleule au ni mwingine? Na nianzie wapi?
*Msomaji, Ng'ambo, Tabora*

Ni mwingine, kaka, ila ni ndugu. Huku kwetu na ng'ambo ya ziwa neno "jazz" lilikuja kumaanisha bendi ya dansi yenye magitaa, tumba na vyombo vya kupuliza. Ndiyo maana Kinshasa, enzi hizo ikiitwa Léopoldville, ilikuwa na African Jazz na OK Jazz, na Tabora ikawa na zake. Walichopiga kilikuwa rumba, na rumba hiyo ilijengwa juu ya muziki wa Cuba. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilileta Afrika mfululizo wa santuri za Cuba zenye herufi GV, wapiga gitaa wakazisikiliza mpaka zikachakaa. Kwa hiyo sikio la mtu wa Tabora limeshafika Havana zamani. Kilichobaki ni kuvuka hadi New York.

Kilichokufanya uzime ni kwamba ulikuwa unamsubiri mwimbaji. Katika jazi wimbo wenyewe ni mfupi, mara nyingi hauzidi dakika moja. Unapigwa mwanzoni, kisha mzunguko uleule wa kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) unarudiwa tena na tena huku kila mpigaji akitunga papo hapo juu yake, na mwisho wimbo unarudi. Fikiria sebene iliyoanza mapema na kukaa muda mrefu. Mbinu ya kufuatilia ni hii: sikiliza wimbo wa mwanzo mara tatu mpaka uweze kuuvumisha, halafu wakati saksafoni inatunga, endelea kuuvumisha kichwani kwa mwendo uleule. Utagundua hawajapotea hata kidogo. Wamo ndani ya nyumba ileile, wanahama vyumba tu.

Kwa mtu wa magitaa, albamu ya kwanza iwe *Midnight Blue* ya Kenny Burrell (1963). Haina piano kabisa. Kuna gitaa, besi, dramu, saksafoni ya Stanley Turrentine na tumba za Ray Barretto, na tumba hizo ndizo zitakazokushika mkono. Wimbo wa kwanza, "Chitlins con Carne", ni bluzi ya vipimo 12 (kila kipimo ni mapigo manne), mzunguko mfupi ambao hata anayeanza leo anaweza kuuhesabu. Kaa nayo wiki nzima.

Ya pili ni *Kenya* ya Machito, iliyorekodiwa 1957: bendi kubwa ya Wacuba wa New York, matarumbeta yamejaa, tumba zinachemka. Kwenye baadhi ya nyimbo anapuliza saksafoni mgeni mmoja, Cannonball Adderley. Mshike jina, kwa sababu utakutana naye tena kwenye albamu ya tatu, *Kind of Blue* ya mpiga tarumbeta Miles Davis (1959). Ukimjua sauti kwa Machito, hutamwona mgeni kwa Davis.

Wengi hushauriwa kuanza na mpiga saksafoni John Coltrane kwa sababu jina lake ni kubwa. Sisi tunasema subiri. *A Love Supreme* (1965) ni albamu ya sala, ina uzito, na inafaa mwezi wa pili au wa tatu. *Ascension* yake, iliyorekodiwa 1965, ni watu 11 wakipiga kwa karibu dakika 40 bila mzunguko wa kodi wa kushikilia. Ukianza nayo utazima tena, na safari hii hutarudi.

Shikamoo wahariri. Mume wangu akiweka jazi ya Kilatini mimi naanza kupiga makofi vizuri, baada ya muda najikuta nimetoka nje ya mdundo. Besi nayo naona kama inachelewa au inawahi. Tatizo liko wapi? Tutajieni na albamu za kununua.
*Dada wa Mwanga, Kigoma*

Marahaba, dada. Besi haichelewi wala haiwahi. Inakwepa pigo la kwanza kwa makusudi, nawe unaitegemea ikuonyeshe mwanzo. Kinachoongoza muziki huu ni klave, yaani mgongo wa mapigo matano ambao kila chombo kinaufuata, hata pale usiposikia vile vijiti viwili vikigongwa.

Hesabu 1 hadi 16 polepole kwa mwendo mmoja, ukigonga mguu kwenye 1, 5, 9 na 13. Sasa piga kofi kwenye 1, 4, 7, kisha 11 na 13. Rudia bila kusimama. Hiyo ni klave ya tatu kwa mbili. Ikianza na upande wa makofi mawili, yanakuwa 3, 5, kisha 9, 12 na 15. Ni mapigo yaleyale, nusu mbili zimebadilishana nafasi. Ukiipata, mwombe mzee apige besi kwa mkono mezani: 4 na 7, kisha 12 na 15. Ile 7 inavutwa mpaka inaimeza 9, na 15 inaimeza 1 ya mzunguko unaofuata. Ndiyo hali uliyoisikia.

Wanaopotea hukosea mahali pamoja. Baada ya 1, 4, 7 mkono unataka kuendelea kwa hatua zilezile za tatu, unapiga 10 badala ya 11. Hapo umeshatoka. Kosa la pili ni kugeuza upande: wimbo ni wa mbili kwa tatu, wewe unapiga tatu kwa mbili, makofi yanagongana na piano. Usiongeze kasi. Nyamaza mzunguko mmoja, sikiliza waimbaji au matarumbeta yanaweka uzito wapi, uingie upya. Dakika kumi kwa siku, wiki mbili, inatosha.

Anza na Cachao, mpiga besi wa Havana, na rekodi zake za descarga (wapigaji wakikutana na kutunga papo hapo) za 1957, zinazouzwa kwa jina la *Cuban Jam Sessions in Miniature*. Nyimbo ni fupi, vyombo vinaingia kimoja kimoja, na besi iko mbele. Hakuna darasa bora la klave kuliko hilo. Kisha *Dance Mania* ya Tito Puente (1958), ambayo ni muziki wa dansi wa Cuba uitwao mambo, mtaichezea sebuleni. Sikilizeni pale waimbaji wanapojibizana na piano inarudia kipande kimoja bila kuchoka: hiyo ni montuno, na anayeijua sebene ataitambua mara moja.

Mkitaka pale jazi inapozidi, tafuteni *Rumba Para Monk* ya Jerry González na Fort Apache Band (1989), nyimbo za mpiga piano Thelonious Monk zilizovalishwa ngoma za Cuba. Mdundo humo unabadilika katikati ya wimbo, ukitoka kwenye klave kwenda mwendo wa jazi na kurudi, kwa hiyo iwe ya baadaye. *Habana* ya Roy Hargrove (1997) ni nyepesi zaidi kuingia. *Getz/Gilberto* (1964) ni nzuri mno kwa jioni, lakini ni bossa nova ya Brazili na mapigo yake ni mengine: 1, 4, 7, 11, halafu 14. Msiitumie kujifunzia klave ya Cuba.

Kuna wimbo wa Machito wa 1943 unaoitwa "Tanga". Wasomaji kadhaa wametuuliza: hauhusiani na mji wetu.

Mimi ni kijana wa gitaa hapa Ujiji. Natyuni vizuri kwa programu ya simu, lakini nikipiga sambamba na "So What" ya Miles Davis gitaa langu linasikika chini kidogo. Nikitumia nyimbo nyingine niko sawa. Gitaa limeharibika?

Gitaa ni zima, mdogo wetu, na sikio lako ni zuri. Nakala uliyo nayo ndiyo yenye kasoro. *Kind of Blue* ilirekodiwa New York kwa siku mbili, 2 Machi na 22 Aprili 1959. Siku ya kwanza mashine kuu ya utepe ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Utepe huo ulipochezwa kwa kasi sahihi, muziki ukatoka wa haraka zaidi na sauti ikapanda, chini ya nusu toni. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zikauzwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30, hadi toleo la 1992 lilipotumia utepe wa akiba uliokuwa na kasi sahihi.

Jipime hivi. Piga sambamba na "All Blues", iliyorekodiwa ile siku ya Aprili. Ikiwa hiyo inakubaliana na gitaa na "So What" haikubali, una nakala ya zamani iliyonakiliwa kutoka kwenye santuri au kaseti. Tafuta iliyotolewa baada ya 1992. Ikiwa zote mbili zimepanda kwa kiasi kilekile, kosa ni la mashine ya santuri au kaseti iliyotumika kunakili. Usityuni gitaa kulifuata faili. Ukizoea hivyo, siku ya kukaa na bendi utawasumbua wenzako.

Ukishapata nakala nzuri, kazi yenyewe ni rahisi kuandika na ngumu kuipiga vizuri: vipimo 16 kwenye D, E, F, G, A, B, C, vipimo 8 ngazi ileile freti moja juu, kisha 8 urudi chini. Wanaojifunza hupitiliza pale pa kurudi. Hesabu kwa sauti mpaka usihitaji tena.

Nimesikia kuna albamu za jazi za Marekani zenye Kiswahili. Ni kweli?
*Cheyo, Tabora*

Kweli, na moja yake ni ya kutafutwa kwa udi na uvumba: *Uhuru Afrika* ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa Novemba 1960, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, mpangaji wa muziki ni Melba Liston, na mwanzoni kabisa Mtanganyika Tuntemeke Sanga anayasema kwa Kiswahili. Sehemu zake zina majina kama "Uhuru Kwanza" na "Kucheza Blues". Kumsikia mtu wa nyumbani akifungua bendi kubwa ya New York mwaka ule kunasisimua hata leo.

*Mwandishi* ya mpiga piano Herbie Hancock (1971) ni jina la Kiswahili alilojiita mwenyewe. Mpiga besi wake alijiita Mchezaji, mpiga tarumbeta Mganga. Nyimbo ni tatu tu, na wa kwanza unahesabiwa mapigo 15, kwa hiyo uvumilivu unahitajika. *Tanganyika Strut* ya Wilbur Harden akiwa na Coltrane (1958) ina jina letu, lakini ndani ni jazi ya kawaida ya New York. Ni nzuri; tusitafute ngoma ya Kinyamwezi humo.

Na mpya je? Bando langu ni dogo, na mara nyingi nasikiliza kwa sikio moja nikiwa dukani.
*Gungu, Kigoma*

Mpya tunazozipendekeza bila wasiwasi: *Skyline* (2021) ya Mcuba Gonzalo Rubalcaba pamoja na Ron Carter na Jack DeJohnette, *El Arte del Bolero* (2021) ya Miguel Zenón na Luis Perdomo, saksafoni na piano peke yake, nyimbo za mapenzi za taratibu, *In the Spirit of Ntu* (2022) ya Nduduzo Makhathini wa Afrika Kusini, na *Linger Awhile* (2022) ya Samara Joy, kwa wanaotaka mwimbaji.

Kuhusu bando: albamu ya dakika 45 inakula takribani MB 32 kwa ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde, MB 54 kwa 160, na MB 108 kwa 320. Ukiisikiliza mara tano moja kwa moja mtandaoni kwa 96 umetumia MB 160. Bora uipakue mara moja kwa 320, iwe kwenye simu. Kwa 96 matoazi yanasikika kama mchanga unaomwagwa, na kwenye jazi toazi ndilo linaloshika mwendo.

Sikio moja ni tatizo kubwa kuliko unavyodhani. Rekodi nyingi za stirio za miaka ya 1950 na 1960 ziliweka vyombo pembeni kabisa. Kwenye *Kind of Blue* Coltrane yuko kushoto na Adderley kulia, kwa hiyo kwa sikio la kushoto pekee Adderley anakuwa kama yuko chumba cha pili. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya msaada wa kusikia, uwashe sauti ya mono. Pande zote mbili zitaingia kwenye sikio hilo moja. Ukifika nyumbani ukavaa zote mbili, kumbuka kuizima.