Kishikwambi shimoni: niliyojifunza Kilwa Kisiwani

Tangu sensa ya 2022, kishikwambi si kitu kigeni tena Tanzania. Wengi tunaochimba mambo ya kale tumekwisha kukiingiza shimoni, nami nimekitumia Kilwa Kisiwani baada ya miaka ya fomu za karatasi. Kama mnataka kuhama kutoka karatasi kwenda kishikwambi, chimbeni kwanza shimo dogo la majaribio, mkae ukingoni na wachimbaji wenyewe, na fomu mwitengeneze hapo hapo.

Fomu yetu ya kwanza iliandikwa ofisini, tena kwa Kiingereza. Kwenye aina ya udongo kulikuwa na majibu manne ya kuchagua, basi. Wachimbaji wetu, wenyeji wa kisiwani, walijua kutenganisha chokaa iliyoporomoka ukutani na chokaa ya sakafu iliyoshindiliwa. Fomu haikujua. Zote zikaingia kama mchanga wenye chokaa. Jioni nilipokaa kupanga matabaka ya udongo, sakafu na kifusi vikasomeka kitu kimoja, na shimo lilikwishapita hapo. Tabaka ukishalichimba halirudi. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kesho yake tukamwomba mzee mmoja aliyewahi kujenga kwa mawe ya matumbawe atutajie kila anachokiona. Majina aliyotupa ndiyo yaliyoingia kwenye orodha, kwa Kiswahili, na chini yake tukaacha nafasi ya kuandika kisichotajwa. Tukaongeza sharti: rekodi haifungiki mpaka uandike unaona nini na unadhani ni nini, kwa sentensi zako. Kubofya hakumlazimishi mtu kutazama. Kuandika kunamlazimisha.

Jihadharini na kitufe cha kunakili rekodi iliyotangulia. Kinaokoa muda, lakini rangi ya tabaka la juu hujikuta iko kwenye la chini na hakuna anayegundua. Sisi tumezuia rangi na kina visinakiliwe kabisa. Na kwa kuwa vishikwambi vinafanya kazi bila mtandao, kila kimoja kipewe namba zake: hiki kianzie 100, kile 200. Bila hivyo, siku ya kuunganisha mtakuta mifuko miwili ya vigae vya vyungu ina namba moja.

Mahali pa shimo msipaachie GPS ya kishikwambi. Inakosea mita kadhaa, wakati shimo lenyewe huenda ni mita 2 kwa 2. Pimeni kwa futi kamba au kwa mashine ya upimaji. Angalieni pia mfumo wa ramani, yaani msingi wa kuhesabia mahali: ramani nyingi za zamani za Tanzania ni za Arc 1960, kishikwambi kinatumia WGS 84, na tofauti yake inazidi mita 200. Kisiwani kama hapa, kwenye ramani msikiti wa ufukweni unaweza kuangukia baharini.

Michoro ya kuta za shimo bado nachora kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, kisha naipiga picha.

Jua la saa sita hufanya kioo kisisomeke, kwa hiyo turubai ya kivuli na powabanki ni vifaa vya lazima, kama mwiko na chekeche. Na kila jioni, kabla boti haijaondoka, tunatoa nakala mbili: moja inavuka kwenda Kilwa Masoko, nyingine inalala kisiwani.