Kumpelekea mume samansi ya Kadhi: je, mwanamke anapata dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, Shekhe. Mimi ni mwanamke wa Mombasa, mama wa watoto wawili. Mume wangu alihamia Malindi kwa mke mwenzangu, na kwa miaka miwili na miezi minne hajalala kwangu wala hajatoa masurufu, ila shilingi 3,000 mara mbili, ilhali ana duka linalokwenda vizuri. Wazee waliitisha vikao vitatu, naye akahudhuria kimoja tu. Nimefungua madai kwa Kadhi nikiomba ndoa ifasikhiwe, yaani ivunjwe kwa hukumu yake. Mpeleka samansi, yaani karatasi ya mwito wa mahakama, amekwenda mara mbili, mume akafunga mlango na kusema kwamba asipopokea karatasi hakuna kesi. Mama mkwe ananiambia Malaika wananilaani. Mhadhiri mmoja naye amesema darasani kwamba mwanamke anayemshitaki mumewe hatanusa harufu ya Pepo, na kwamba talaka ya Kadhi ni ya serikali, haimtoi mke katika ndoa. Kaka yangu anataka kumkabidhi karatasi hizo mbele ya watu baada ya swala ya Ijumaa. Je, nina dhambi? Na hukumu itasihi ikiwa hakupokea?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Swali lako nimelisoma usiku nikalirudia alfajiri, kwa sababu maneno uliyoambiwa si mageni masikioni mwangu, na wapo wanawake waliokaa miaka mingi hawana mume wala hawana ruhusa ya kuolewa, kwa kuogopa maneno hayo hayo. Nakujibu wewe, na kwa kukujibu nawajibu waliokutia hofu.

Huna dhambi kwa kufungua madai, wala kwa kumpelekea samansi. Aliyemo katika hatari ni yule anayeikimbia.

Hadithi aliyoitaja mhadhiri ipo, imepokewa kutoka kwa sahaba Thawban katika vitabu vya Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah, lakini ameikata. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema: mwanamke yeyote atakayemwomba mumewe talaka pasipo na ubaya wowote, ni haramu kwake harufu ya Pepo. Neno "pasipo na ubaya wowote" ndilo lenye kubeba hukumu yote, na mtu aliyekaa kitako kufundisha watu dini ya Mwenyezi Mungu hana ruhusa ya kuliangusha njiani kisha akawatisha waliodhulumiwa kwa kipande kilichobaki. Kama kuachwa bila chakula, bila malazi na bila kuachika kwa miezi 28 si ubaya, basi atuambie ubaya ni upi.

Hadithi ya kulaaniwa na Malaika nayo imehamishwa mahali pake. Ile iliyo katika Bukhari na Muslim inamhusu mke aliyeitwa na mumewe kitandani akakataa bila udhuru, mume akalala naye amekasirika. Wewe nani amekuita? Mama mkwe umheshimu, usimjibu kwa ukali, kwani uchungu wa mzazi kwa mwanawe unajulikana. Lakini kauli yake usiifanye kuwa dini.

Ama kumshitaki mume, Sura nzima ya Qurani imefunguliwa kwa habari ya mwanamke aliyefanya hivyo. Khawla bint Tha'laba alikwenda kwa Mtume kumlalamikia mumewe, na Mwenyezi Mungu akateremsha kwamba amesikia kauli ya yule anayejadiliana nawe juu ya mumewe na kumshitakia Mungu. Hakuambiwa arudi nyumbani akafiche aibu. Mke wa Thabit bin Qays alikuja akasema kwamba hamlaumu mumewe kwa tabia wala kwa dini, ila anachukia kuingia katika ukafiri baada ya Uislamu. Mtume akamuuliza kama atamrudishia bustani yake, akakubali, na Thabit akaamriwa aipokee bustani na amwache. Huyo hakuwa hata na kosa la kumtolea mumewe, na mlango ulifunguliwa. Itakuwaje ufungwe kwa aliyetelekezwa?

Sasa nije kwenye hoja iliyo nzito zaidi, kwa maana sitaki kumvunjia mhadhiri heshima kwa kuficha dalili ambayo angeweza kuitegemea. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi ameandika katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi, kwamba mume akishindwa kutoa matumizi kwa ufukara mke ana haki ya kufasikhi, lakini kwamba lililo sahihi zaidi ni kuwa hakuna kufasikhi kwa sababu ya tajiri anayezuia tu, awe yupo au ameghibu, yaani hayupo. Wenye kuusoma msitari huu huishia hapo, nao huona kesi yako imekwisha, kwa kuwa mumeo ana duka. Hawajiulizi kwa nini amesema hivyo. Tajiri aliyepo, kadhi anaweza kumlazimisha kutoa, au akachukua katika mali yake akampa mke. Haki inapatikana bila kuvunja ndoa. Pale ambapo haki haipatikani, wamo wanazuoni wa madhehebu hayo hayo waliojuzisha kufasikhi, na Imam Malik amempa mke haki ya kutenganishwa kwa sababu ya madhara yenyewe. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, aliwaandikia makamanda wa majeshi kuhusu wanaume walioghibu wake zao, wawabane watoe matumizi au watoe talaka, na wakitoa talaka walipe waliyoyazuia. Barua hiyo imepokewa na Shafi mwenyewe. Na kadhi akihukumu katika jambo lenye ikhtilafu, yaani ambalo wanazuoni wametofautiana, hukumu yake huondoa ikhtilafu katika kesi hiyo, kwa hiyo mhadhiri hana nafasi ya kuja baadaye kukwambia kwamba bado u mke wa mtu.

Kuiita hukumu hiyo "talaka ya serikali" ni neno la hatari. Kadhi amekuwepo katika pwani hii kabla ya serikali hizi tunazozijua, na kuajiriwa kwake na dola hakumwondolei sifa ya kuhukumu kwa sheria. Kweli, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 170, inaipa mahakama yake uwezo juu ya Waislamu wanaoridhia mamlaka yake, na nimesikia wanaume wakijificha nyuma ya sharti hilo. Athari yake kisheria muulize wakili. Mimi namuuliza mume swali la dini: ulioa kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu, leo unakataa kuhukumiwa kwacho? Katika Sura ya An-Nur tumeelezwa kundi ambalo likiitwa kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake ili ahukumu baina yao, mara hukengeuka. Kisha tukaambiwa kauli ya Waumini wanapoitwa ni kusema: tumesikia na tumetii. Samansi ni mwito huo. Kuifungia mlango hakuifuti.

Nawawi huyo huyo ameeleza kwamba aliye karibu hahukumiwi bila kuhudhuria, isipokuwa akijificha au akijikinga kwa nguvu. Basi mume anayekimbia karatasi anajitia mwenyewe katika hukumu ya asiyekuwepo, na kadhi ataendelea akithibitisha kwamba mwito ulimfikia au kwamba anaukwepa. Mwambie wakili au karani aombe mahakama iruhusu njia nyingine ya kufikisha. Kanuni za kesi za madai nchini Kenya zilirekebishwa mwaka 2020, zikaruhusu hata barua pepe na programu za ujumbe za simu. Jambo moja nakuusia kwa mkazo: asiape mtu yeyote kwamba amemkabidhi ilhali hakumkabidhi. Kiapo cha uongo hakisafishwi na ukweli wa madai yako.

Ama shauri la kaka yako, mwambie shekhe amekataa. Msikiti haukujengwa kuwa uwanja wa kufedheheshana, na watoto wako watakua wakisimuliwa namna baba yao alivyotupiwa karatasi mbele ya safu. Mwachieni mtu wa mahakama kazi yake.

Wakikushauri ujikomboe kwa khului, yaani umrudishie mume mahari ili akuache, ujue kwamba Mwenyezi Mungu amekataza wanaume kuwabana wake ili wachukue sehemu ya walichowapa. Madhara yakiwa yametoka kwake, hastahiki kulipwa kwa kuyaondoa. Usirudishe mahari kwa kuchoka tu, mpaka kadhi asikilize.

Na ujue ulipo sasa: kufungua madai si kuachika. Bado u mkewe, na akija leo kwa wema, na mashahidi, na masurufu ya nyuma, lisikilize, ingawa hulazimiki kuliamini neno lisilo na dhamana. Akiandika talaka kwenye simu baada ya kupata samansi, usiifute. Mpelekee kadhi amuulize nia yake. Eda, muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, itahesabiwa tangu siku ya hukumu, si tangu siku uliyowasilisha madai, wala hairuhusiwi kabla haijaisha kuzungumza ahadi ya ndoa na mtu mwingine. Ndoa ikifasikhiwa hana rejea kwako ila kwa akdi mpya na kwa ridhaa yako. Masurufu ya watoto hayaishi kwa hukumu hiyo, kwa hiyo usiache kuyadai, na uweke risiti za skuli na za hospitali tangu sasa.

Wallahu aalam.